Kazi Yangu Ilikuwa Kuulizia Majina

Nyinyi mnaopiga muziki kwenye baa za huku kwetu, najua hamna muda wa kusoma. Basi someni hii stima ikipotea, maana itapotea, na ikirudi mrudi kazini. Mimi nilipiga gita la besi Meru mjini mpaka vidole vikagoma. Siku hizi nakaa Ruiri na mbuzi wasionisikia na mke anayenisikia kupita kiasi. Nilikuwa nimejiapiza nisiandike kitu, kwa sababu mzee akianza kuandika kuhusu kazi yake mwisho huwa anajisifu. Sasa sina cha kujisifia, kwa hivyo naona naweza kuandika.

Mnatarajia nianze na besi. Besi haina maneno mengi. Nyuzi zikichoka na huna nyingine, zivue, zichemshe kwenye sufuria na sabuni kidogo, zianike zikauke kabisa, zitalia tena kwa muda. Usitumie sufuria ya chai ya mkeo. Spika usiiweke sakafuni, iweke juu ya kreti, la sivyo sauti yote itaishia kwenye viatu vya watu. Maiki ikianza kumpiga mwimbaji shoti mdomoni, ivishe soksi. Soksi iwe imefuliwa, na hilo nalisema kwa sababu niliwahi kuimba kwenye ile ambayo haikufuliwa. Mambo ya besi yanaishia hapo. Lakini si besi iliyonifanya nijulikane. Besi hata mlevi anaweza kuipiga, na walevi wengi wameipiga. Kazi yangu hasa ilikuwa kuulizia majina.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwenye baa za huku wimbo haukamiliki mpaka usalimie watu. Ukifika katikati, gita linashuka, ngoma inabaki ikitembea polepole, mwimbaji anatupa macho mezani na kuanza kuita: fulani wa mahali fulani, uko wapi? Meza yake inajibu kwa sauti moja, "Yuko!" Anayeitwa anasimama, anainua mkono, watu wanapiga makofi, anaketi. Ni hayo tu. Lakini mtu ametoka Kianjai na vumbi la soko mpaka kwenye kope, wiki nzima ameitwa "wewe" na "songa" na "toa gunia hapo", na leo Jumapili alasiri anasikia jina lake likitoka kwenye spika na watu wote wanakubali kwamba yuko. Ndiyo maana walikuwa wanakuja kwetu. Bia iko kila mahali.

Baa yetu ilikuwa upande wa kwenda Kinoru. Ilikuwa na jina ubaoni, lakini rangi ilitoka miaka mingi iliyopita na hakuna aliyejisumbua, tukaiita Nyuma ya Bucha. Ulipitia mlango wa bucha, ukainamisha kichwa chini ya mguu wa ng'ombe uliokuwa umening'inizwa, ukatokea kwenye ua ulioezekwa mabati nusu. Nusu ya pili ilikuwa anga. Mvua ikinyesha, wote walihamia upande mmoja na ndipo watu walipojuana. Kaunta ilikuwa na vyuma kama jela. Viti vilikuwa vya kila ukoo: vya plastiki, vya mbao, benchi la kanisa ambalo hakuna aliyetaka kueleza lilifikaje. Ukutani kulikuwa na simba aliyechorwa na mtu ambaye, naamini, alikuwa ameona mbuzi tu maishani mwake. Choo sitakieleza.

Kiongozi wa bendi alikuwa Nyaga, mtu wa Embu, mrefu, mwenye koti moja la kijivu na sauti iliyoweza kupita kwenye kelele bila kupanda juu. Yeye ndiye aliyenifunza. Mwanzoni alikuwa anaita majina kwa kichwa chake tu. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, akikuona mara moja amekushika, wewe na kijiji chako na mtoto wako wa kwanza. Lakini kumbukumbu haijui kilichotokea jana. Mwalimu mmoja wa Nkubu alikuwa amemwambia mkewe anaenda matangani Embu. Nyaga akamwita kwa jina, na shule, na kijiji. Shemeji wa mwalimu alikuwa meza ya pili akitafuna mbavu. Mwalimu alisimama nusu, akaketi, akasimama tena, mwishowe akatorokea dirishani, na dirisha lile halikuwa kubwa. Tulicheka mwezi mzima. Nyaga alicheka kuliko wote, na hakubadilisha kitu.

Alibadilika kwa sababu ya mtu wa Kianjai. Tulimjua kwa jina la mwanawe, kama mnavyojua huku mtu akishazaa jina lake la zamani linawekwa kando: alikuwa Baba Mwenda. Mtu mpole, mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa anakuja kila baada ya soko. Akapotea kwa muda, kisha Jumapili moja tukamwona ameketi pembeni. Nyaga akafurahi kumwona. Akashusha gita, akaita kwa furaha yake yote:

"Baba Mwenda wa Kianjai! Uko wapi, baite, rafiki yangu? Ulitutupa!"

Wakajibu, "Yuko!"

Akasimama polepole. Akainua mkono. Watu wakapiga makofi, wakamaliza, na yeye hakuketi. Nyaga akaita mwingine, na mwingine, Baba Mwenda bado amesimama, mkono juu, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Jirani yake wa mezani akaja mbele, akamnong'oneza Nyaga kwamba Mwenda alianguka na pikipiki na amezikwa juzi juzi tu. Nyaga akaweka gita chini katikati ya wimbo. Hilo sikuwahi kumwona akifanya. Akaenda, akaushika ule mkono na kuushusha kwa mikono yake miwili, akamtoa nje kupitia buchani. Tulisikia akimwambia pole, pole, pole. Baba Mwenda hakurudi kwetu tena kamwe.

Kesho yake Nyaga akaniita. "Wewe na hiyo besi yako hamna kazi kubwa huko nyuma," akasema. "Kuanzia leo utakuwa unazunguka meza kabla tuanze. Unauliza kwanza. Mimi naita baadaye."

Basi nikawa muulizia majina, na nikaijua ile kazi kuliko nilivyojua gita. Niwape kidogo. Usimuulize mtu mwenyewe, hasa akiwa na mwanamke, muulize mhudumu. Mhudumu akiwa na shughuli, muulize mchoma nyama, kwa sababu yeye anajua nani anakula na nani, na nani leo ameagiza kidogo. Mzee anataka jina kamili, lenye M' yake ya heshima mbele, na ukimkatia anaona umemkata sikio. Mtu wa Tigania usimwite wa Imenti. Mtu wa Mbeere usimtie ndani ya Embu ukadhani ni sawa tu. Anayekaa ameangalia mlango ana sababu yake, mwache. Anayeagiza soda na haifungui, nenda polepole.

Kulikuwa na mzee wa malori kutoka Maua, Mwislamu wa swala tano, aliyekuwa anaegesha lori nje akingoja mizigo. Baani hakuingia. Alikuwa anaketi na chai yake kwenye benchi la buchani, akisikiliza kupitia ukutani. Nilipomuulizia akaniambia nisithubutu kulitaja jina lake humo ndani. Nikasema sawa. Baada ya muda akaninunia. "Kila mtu anaitwa," akasema, "mimi tu ndio mnaruka?" Tukakubaliana aitwe Jirani wa Ukuta. Nyaga akiita, baa nzima inanyamaza, na ule ukuta unagongwa ngumi tatu. Watu walikuwa wanacheka mpaka bia inawatoka puani. Nawaambia hivyo ili mjue haikuwa kazi ya huzuni.

Lakini kanuni moja ilikuwa juu ya zote, na niliwafunza wote waliopita mikononi mwangu. Swali la kwanza unapoulizia mtu si "Huyo ni baba nani?" Swali la kwanza ni "Nyumbani kwake kuko salama?" Hata kama ni rafiki yako. Hata kama mlikunywa naye Jumapili iliyopita. Aliyefiwa na mtoto usimwite kwa mtoto. Mwite kwa kijiji, kwa kazi, kwa kofia yake ukipenda, lakini jina la mtoto lipite mbali naye. Nilikuwa nawasimulia habari ya mtu wa Kianjai na kuwaambia: tulimtonesha kidonda mbele ya watu. Mwanafunzi wangu wa mwisho, Mutuma, aliyeichukua bendi baada ya Nyaga kurudi kwao Embu, alikuwa anairudia kanuni hiyo kama katekisimu.

Sasa nifike kwangu.

Mungu alitupa mtoto mmoja, mimi na mke wangu. Tulimwita Kendi. Tangu alipozaliwa mimi nilikuwa Baba Kendi, na jina nililopewa na mama yangu likabaki kwenye kitambulisho tu. Sokoni, kanisani, kwenye bendi, hata Nyaga ambaye angeweza kuniita chochote. Kendi alikuwa na duka la dawa za mifugo hapa Ruiri, na wafugaji walikuwa wanaacha duka la karibu kuja kwake kwa sababu hakumwuzia mtu dawa asiyoihitaji ng'ombe wake. Akaugua figo. Tukahangaika naye hospitalini, akafa. Sitaandika zaidi ya hapo. Siwezi.

Matanga yalipoisha, jina langu nalo likaisha. Sikutambua mara moja. Nilikwenda kuchota maji, jirani akanisalimia, "Habari, mzee." Nikaona sawa, mimi ni mzee. Kanisani mhubiri akanitaja kama "ndugu yetu". Mama wa mboga, aliyekuwa anapiga kelele "Baba Kendi!" kutoka ng'ambo ya barabara mpaka punda wanageuka, sasa ananiita fundi. Mimi sijawahi kutengeneza kitu chochote. Kila mmoja alikuwa amejitafutia njia ya kulizunguka jina kwa upole, na hakuna aliyekosea hata siku moja. Ningewachukia ningekuwa na nafuu. Lakini wananipenda, na wanafanya kile kile nilichowafunza vijana wafanye.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Mke wangu alikuwa Mama Kendi kwangu na mimi Baba Kendi kwake, tuliitana hivyo hata tukigombana. Sasa yeye ananiita "sikia" na mimi namwita "wewe". Mara nyingine anagonga kikombe kwa kijiko ndio nijue chai iko tayari. Ana majina mengine, ya kwao, lakini nikiyatumia ni kama namwita mwanamke mwingine. Hatukukubaliana iwe hivyo. Ilitokea tu, na kila siku inayopita inakuwa vigumu zaidi kwa mmoja wetu kuanza.

Mtasema, si uwaambie watu tu wakuite? Nilijaribu. Nilimwambia jirani mmoja, tena kwa kicheko, "Unaweza kuniita kama zamani." Akaniita. Aliliita polepole, macho chini, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nilitamani asingelisema. Nimejaribu pia kujiita mwenyewe nikiwa peke yangu shambani katikati ya mahindi, na hilo msijaribu, mtajiona wendawazimu. Mtu hawezi kujiita.

Ndipo nilipoikumbuka baa. Kule mjini hawakujua. Mutuma hakuwa amekuja mazishini, alikuwa amekwenda kupiga muziki Nanyuki, na sikumtumia habari. Nikajiambia: nikienda Jumapili, Mutuma akiniona, ataita. Ataita kwa nguvu, akifurahi, bila huruma yoyote, na watu wote watajibu kwamba Baba Kendi yuko. Nilitaka kulisikia mara moja tu hivyo. Najua ni jambo la kipumbavu. Nilimwacha mke wangu akisuka kikapu, nikamwambia naenda kuona bendi, akanipa sweta, akasema, "Sikia, usichelewe."

Nyuma ya Bucha bado ipo, na imezidi kuchakaa. Mabati yamepungua, anga imeongezeka. Simba wa ukutani amepakwa rangi upya na mtu ambaye naye hajaona simba. Buchani kulikuwa na mchoma nyama mgeni, kijana mnene mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani. Aliponikatia nyama aliniangalia sana. "Mzee, wewe si wa Ruiri?" akasema. "Nyanya yangu ni wa huko, karibu na kanisa." Nikasema ndiyo, nikachukua nyama yangu haraka nikaingia ndani.

Gakii mhudumu yuko bado. Amenenepa, amepata miwani, na ulimi wake haujapata adabu.

"Weeh! Besi!" akapiga kelele. "Si tulisikia ulikufa?"

"Bado."

"Kuja ukae hapa. Si hiyo! Hiyo kiti mguu yake moja ni ya kuombea. Nikuletee moto ama baridi?"

"Moto."

"Hata hujabadilika."

Nilikunywa bia yangu na kuitazama bendi ikipanga vyombo. Mambo yamegeuka. Besi siku hizi inatoka kwenye kinanda, msichana anaibonyeza kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukifanya kazi ya watu wengine wawili. Ngoma inatoka kwenye kisanduku kidogo. Mutuma ana kitambi na shati la maua. Aliponiona akanyoosha mikono yote miwili hewani, akacheka, meno yote nje. Hajui, nikajiambia. Nikaketi wima kama kijana anayengoja barua ya shule.

Kisha yule msichana wa kinanda akashuka jukwaani na kuanza kuzunguka meza.

Nilikuwa nimesahau kwamba mtu angefanya kazi yangu. Jina lake Nkatha, niliambiwa baadaye. Alikuwa na simu mkononi, anachapa majina humo, lakini mwendo ulikuwa wangu kabisa: haendi kwa mtu mwenyewe, anapita nyuma, anainama kwa Gakii, anacheka kidogo, anasogea. Alinipita mimi bila kuniuliza, akanisalimia kwa heshima. Akaenda kwa Gakii, Gakii akainua mabega. Nikashusha pumzi. Gakii hajui kitu, basi imepita. Halafu Nkatha akafika kwenye dirisha la bucha.

Nikamwona mchoma nyama akiacha kisu. Nikamwona akizungumza, si sana. Nkatha akaweka mkono mdomoni, akageuka akaniangalia, akaondoa macho. Mimi nimefanya kazi ile miaka yangu yote ya nguvu. Nilijua anaambiwa nini, nilijua atakwenda wapi sasa, nilijua atamnong'oneza nini Mutuma na kwa maneno gani. Nilitaka kuinuka nimzuie. Ningemwambia nini? Nilibaki nimeketi na bia nisiyoigusa.

Muziki ukaanza, na haukuwa mbaya. Mutuma ana sauti. Kisanduku cha ngoma kilinikera kisha nikakizoea. Wimbo wa pili ukafika katikati, kinanda kikashuka, Mutuma akaanza kuita. Akaita mtu wa Mikinduri, meza ikajibu. Akaita akina mama wa chama waliotoka Chogoria, wakasimama wote na kuimba. Mzee mmoja akaitwa kwa jina lake lote na ukoo wake, akasimama akasahau kuketi mpaka mjukuu akamvuta koti. Baa ilikuwa imechangamka, na mimi bado nilikuwa natumaini. Nilijiambia labda msichana hakusema. Labda furaha itamponyoka Mutuma.

"Na pale kwa kona!" Mutuma akaita. "Simameni muone! Mwalimu wangu, aliyenifunza hii kazi kutoka sufuri! Mzee wa Besi! Kutoka Ruiri! Uko wapi, mzee wangu?"

"Yuko!"

Nikasimama. Nikainua mkono. Makofi yalikuwa mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote siku hiyo, watu wasionijua walikuwa wananishangilia. Nikiwa pale na mkono juu nikamwelewa mtu wa Kianjai. Tulidhani alishindwa kuketi kwa uchungu. Mimi sasa nadhani alikuwa anangoja Nyaga aite tena. Hakukuwa na mtu mwingine Meru nzima aliyekuwa anamwita Baba Mwenda wiki zile, na sisi tulimshusha mkono, tukamtoa nje, na tukamwomba msamaha. Kama ni hivyo, basi kanuni yangu yote niliijenga juu ya machozi ambayo hakuna aliyemuuliza yalikuwa ya nini. Na kama si hivyo, basi sijui. Yeye hayupo wa kuulizwa. Nikashusha mkono wangu upesi, wasije wakanihurumia na hapo pia.

Walipopumzika Mutuma akaja mezani kwangu, akaninyooshea mkono na kuukamata wangu kwa mikono yake miwili. Jasho lilikuwa linamtoka na macho yalikuwa yamemjaa.

"Mwalimu, pole. Pole sana. Sikuwa najua. Aki nusura nikuite na ile jina."

"Nusura," nikasema.

"Nilikuwa nayo hapa kwa mdomo! Si unajua vile nimekujua na hiyo jina miaka zote? Nikaambia huyu Nkatha, huyo mzee usiulizie, huyo ni wangu. Akaniambia, apana, si wewe hutufunza hata kama ni ndugu yako uulizie kwanza? Akaenda kwa mchoma nyama. Fikiria kama hangeenda!"

"Huyo msichana anaijua kazi."

"Ni wewe, mzee. Sisi tunafuata tu yako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeipanga sentensi, fupi tu, kwamba wimbo ujao aite, aite kwa nguvu, mimi ndiye naomba. Lakini aliniangalia kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri nyumbani. Na hata kama ningesema angeita, angeita kama yule jirani yangu, macho chini, Nkatha amekunja mikono nyuma ya kinanda, na baa ingejibu kwa sauti ya matangani. Nikamwambia wamefanya vizuri. Na kweli walikuwa wamefanya vizuri, hakuna mahali walipokosea. Gakii akakataa kuniletea chupa nyingine, akasema mzee aende nyumbani kukiwa bado na mwanga.

Sasa mnataka niwaambie mfanye nini. Nimelifikiria hilo tangu siku ile, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siwezi kuwaambia muache kuulizia. Kuna watu ambao jina la mtoto likitoka kwenye spika litawaangusha chini, nami nimewaona watu wakianguka. Siwezi kuwaambia muite tu. Siwezi kuwaambia mumuulize aliyefiwa anataka nini, kwa sababu mimi ningeulizwa siku ile ningesema "Niiteni mnavyopenda" na kucheka. Nimeipindua kanuni hii pande zote, haina upande unaoniruhusu kuingia. Mzee akiwaandikia huwa anawaachia kitu cha kushika. Mimi sina. Ifanyeni kazi kama nilivyoifanya, na mjue kwamba siku moja mtaifanya sawasawa kabisa na bado mtu ataondoka baani amevunjika, na hatawaambia.

Nilifika nyumbani giza likianza kuingia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa sababu mke wangu siku hizi anaogopa kuwa peke yake. Nikagonga.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Alikuwa anauliza kweli, hakuwa amenitambua, redio ilikuwa inalia jikoni. Nilisimama pale na mkono kwenye ubao wa mlango. Jibu nilikuwa nalo. Nimelitoa mlangoni pale miaka na miaka bila kufikiri. Nilijua nikilitamka atalisikia, na nilijua uso wake utakuwaje atakapofungua, nami sikuwa na nguvu ya kuuona uso huo siku ile.

"Nani?" akarudia, na sasa alikuwa na hofu.

Nikakohoa. Akanijua kwa kikohozi, akafungua.